Mwenye Mpira Akikataa Kutoka

  

Mazungumzo ya jioni hii yanahusu kriketi. Ndiyo, kriketi, ule mchezo wa gongo na mpira mgumu ambao hapa Songea wengi wameuona kwenye televisheni tu. Asiwepo wa kuzima redio. Ugomvi wa mchezo huo, kila aliyewahi kuwa mtoto anaufahamu.

Kumbukeni rede. Pita vichochoro vya Mshangano jioni, watoto wakishatoka shule. Mpira ni mifuko ya nailoni iliyoviringishwa na kufungwa kamba. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati, anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira unagusa ncha ya sketi. "Umetoka!" "Sijatoka!" Mchezo unasimama. Hapo mara nyingi hakuna anayeitazama sketi wala alama ya vumbi iliyobaki pale. Kinachotazamwa ni mpira ni wa nani. Mwenye mpira akisema hajatoka, basi hajatoka. Ukimbishia anaukwapua na kwenda nao kwao, na wenzake wanabaki wamesimama na chupa yao ya mchanga.

Swali la leo ndilo hilo: mwenye mpira akikataa kutoka, nani wa kumwambia ametoka?

Twende Nairobi, Februari 2003. Kombe la Dunia la kriketi linachezwa Afrika kwa mara ya kwanza. Mwenyeji mkuu ni Afrika Kusini, na mechi chache zimepangiwa Zimbabwe na Kenya. Kwa majirani zetu ilikuwa heshima kubwa. Kenya ilipangiwa kuikaribisha New Zealand tarehe 21 Februari, na Sri Lanka siku tatu baadaye.

New Zealand ikasema haiji. Sababu ilikuwa usalama, na haifai kuidharau. Tarehe 28 Novemba 2002, miezi mitatu tu kabla, hoteli ya Paradise pale Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ilikuwa imelipuliwa, na siku hiyo hiyo makombora yakarushwa kuilenga ndege ya abiria iliyokuwa ikiruka kutoka Mombasa. Wakenya walikuwa wamezika watu wao. Basi mchezaji wa New Zealand akiogopa, ni binadamu. Wakaomba mechi ihamishiwe Afrika Kusini.

Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, likakataa. Ratiba ni ratiba. Uwanja umekaguliwa, ulinzi umepangwa, asiyefika amepoteza. Pointi 4 wakapewa Kenya. Ndizo hizo ambazo mashabiki wa Simba na Yanga wanaziita pointi za mezani.

Na England je? England nayo, taifa lililouzaa mchezo wenyewe, ilikataa kwenda Harare kucheza na Zimbabwe. Ikapoteza pointi 4 vilevile, na ikatolewa kwenye makundi. Zimbabwe ikasonga mbele. Shikeni hapo, wasikilizaji, maana tutaparudia: mwaka 2003 asiyekwenda alipoteza, hata kama jina lake ni England.

Ilikuwa hivyo hivyo mwaka 1996. Australia na West Indies zilikataa kwenda Colombo baada ya bomu lililolipua Benki Kuu ya Sri Lanka mwishoni mwa Januari. Zote mbili zikapoteza. Sri Lanka ilichukua pointi zake, ikaendelea kucheza, na tarehe 17 Machi huko Lahore ikaifunga Australia ile ile kwenye fainali na kulibeba Kombe.

Sasa turudi Nairobi. Wapo waliosema, na hadi leo wanasema, kwamba Kenya ilibebwa. Wasemewe ukweli wote, nusu haitoshi. Kwenye kundi lile Kenya ilimaliza na pointi 16, na West Indies ikabaki nje na pointi 14. Ukiziondoa zile 4 za mezani, Kenya inabaki na 12, na safari inaishia hapo. Hilo haliwezi kufichwa.

Lakini ukweli wote una upande wa pili pia. Tarehe 24 Februari, Sri Lanka ilikuja. Uwanja wa Nairobi Gymkhana ulijaa. Kenya ilipiga kwanza ikapata mikimbio 210, ndiyo mabao ya kriketi, ambayo kwa timu kama Sri Lanka si mlima. Kisha mpira akapewa kijana mmoja mrefu, Collins Obuya. Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha, mpigaji analinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake, na akitolewa, hiyo ni wiketi moja. Obuya hakuwa mrushaji wa kasi. Alikuwa anausokota mpira kwa kifundo cha mkono, unakwenda polepole kama unaomba kupigwa, ukigusa chini unakata kona. Mmoja baada ya mwingine wakajaribu kuupiga, mmoja baada ya mwingine wakatoka, akiwemo Aravinda de Silva, yule yule aliyeibebesha Sri Lanka Kombe mwaka 1996. Wiketi 5 kwa mikimbio 24. Sri Lanka nzima ikaishia 157.

Hizo hazikuwa za mezani. Wala ushindi dhidi ya Bangladesh kule Johannesburg haukuwa wa mezani, wala ule wa Bloemfontein dhidi ya Zimbabwe uliowaingiza Wakenya nusu fainali. Na Aasif Karim je, mtoto wa Mombasa, aliyekuwa ameshastaafu akaitwa tena akiwa na miaka 39? Alisimama Durban mbele ya Australia, mabingwa wa dunia, akachukua wiketi 3 na kuruhusu mikimbio 7 tu katika ova, yaani zamu za kurusha, zaidi ya 8. Australia ilishinda siku ile, lakini mchezaji bora wa mechi alitajwa Karim. Nani alimbeba?

Nusu fainali India iliwashinda, tarehe 20 Machi, Durban hiyo hiyo. Hadi leo Kenya ndiyo nchi pekee isiyo na hadhi ya kucheza Test, zile mechi za siku 5, iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi.

Wasikilizaji, katika mpira wetu wa miguu hayo si mageni. Tarehe 8 Machi 2025 nchi nzima ilikuwa inasubiri Yanga na Simba. Usiku wa kuamkia mechi Simba wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi kwenye uwanja wa Mkapa, na kwamba kanuni inawapa haki hiyo, hivyo hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga wao walikwenda uwanjani na wakadai pointi 3. Mabishano yakachukua miezi, na mechi ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Kumbukeni vijiweni: shabiki wa Simba alikuwa na kanuni yake mkononi, wa Yanga na yake. Karibu hakuna aliyeuliza kama uamuzi ungekuwa huo huo endapo timu iliyozuiwa mazoezi ingekuwa Majimaji yetu. Wanalizombe walishuka Ligi Kuu mwaka 2018, na waliokuwa wakiifuata timu ile safarini wanajua timu ndogo inavyosikilizwa ikilalamika.

Hebu sasa ruka miaka 22 kutoka ile Februari ya Nairobi. Ni 2025, na mashindano ni Kombe la Mabingwa la ICC. Mwenyeji ni Pakistan, iliyosubiri mashindano makubwa ya ICC tangu lile Kombe la 1996. India inasema haiendi Pakistan. Sababu ni usalama na siasa kati ya serikali mbili, na tukumbuke kwamba tangu mashambulizi ya Mumbai mwishoni mwa 2008 uhusiano wa nchi hizo kwenye kriketi umekatika karibu wote. Hofu ipo, kama hofu ya New Zealand ilivyokuwepo.

Je, India ilipoteza pointi? Hapana. Mechi zake zote zilihamishiwa Dubai. Zote. Timu nyingine zikawa zinapanda ndege kuifuata. Ilipofika nusu fainali, ilikuwa haijajulikana nani atakutana na nani, kwa hiyo Australia na Afrika Kusini wote wakapelekwa Dubai kusubiri. Afrika Kusini wakaambiwa hamtakiwi huku, wakageuza na kurudi Lahore kucheza. Wakati huo India imetulia mahali pamoja, hoteli ile ile, uwanja ule ule, udongo iliouzoea. Fainali iliyotarajiwa Lahore ikachezwa Dubai tarehe 9 Machi, India ikaifunga New Zealand ikachukua Kombe. Mwenyeji, Pakistan, akalitazama kwenye televisheni kama sisi.

India ilikuwa na timu nzuri mno, na huenda ingeshinda hata kama fainali ingechezwa hapa kwenye uwanja wa Majimaji. Hoja ya leo haipo kwenye gongo. Hoja ni kwamba New Zealand walipoogopa Nairobi waliambiwa njooni au mpoteze. India walipokataa Lahore, uwanja uliwafuata walipo. Kanuni ya mwaka 2003 ilikwenda wapi?

Haki inadai hili nalo lisemwe. Katika makubaliano ya Desemba 2024, ICC iliamua kwamba Pakistan nayo haitalazimika kwenda India mashindano yakiwa kule, hadi 2027. Na ilitekelezwa: Kombe la Dunia la wanawake la 2025 lilipofanyika India, wanawake wa Pakistan walichezea Colombo. Basi Pakistan ilipata kitu. Ilipata kwa sababu ina mashabiki wengi na mechi yake na India ndiyo inayouzika kuliko zote. Ingekuwa Kenya ndiyo mwenyeji aliyekataliwa, ingepata nini cha kubadilishana?

Hapo ndipo tunapofika kwenye mpira wenyewe, yaani fedha. Mgawanyo ulioripotiwa wa mapato ya ICC kwa miaka 2024 hadi 2027 ukiuweka kwa shilingi, unaonekana hivi: katika kila shilingi 100, India pekee inachukua kama 38. Nchi washiriki, yaani zisizo wanachama kamili, zaidi ya 90 kwa pamoja, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, zinagawana kama 11. Ukiwauliza wenyewe watakwambia watazamaji wengi wako India, matangazo yanatoka India, basi fedha zirudi zilikotoka. Hesabu hiyo ina mantiki ya dukani. Kwa chombo kinachohukumu kesi haifai hata kidogo, maana huyo anayeleta shilingi nyingi ndiye pia anayeletwa mbele ya meza kuhukumiwa.

Na meza yenyewe ikoje? ICC ilianzishwa London mwaka 1909, na herufi ile ya kwanza ilimaanisha ya Kibeberu, ya Dola la Uingereza. Hadi 1993 England na Australia zilikuwa na kura ya turufu, zikikataa jambo limekufa. Mwaka 2014 India, England na Australia zikajiandikia madaraka na sehemu kubwa zaidi ya mapato. Kelele zikapigwa, na 2017 mpango ule ukafumuliwa. Leo bodini wamo wanachama kamili 12, kila mmoja na kiti chake, na nchi washiriki zaidi ya 90 zinawakilishwa na watu 3. Mwenyekiti tangu tarehe 1 Desemba 2024 ni Jay Shah, ambaye kabla ya hapo alikuwa katibu wa chama cha kriketi cha India. Hata kama mtu huyo ni mwadilifu wa kupigiwa mfano, kiti kile kinamfanya ahukumu kesi ya nyumbani kwake. Kwenye baraza la kata hapa Mshangano, mjumbe ambaye shamba linalogombewa ni la kaka yake husogea pembeni.

Kuna njia ya kesi, msidhani hakuna. Pakistan iliwahi kuishtaki India mbele ya jopo la ICC, ikidai fidia ya mamilioni ya dola kwa mechi zilizoahidiwa kwenye barua ya mwaka 2014 na hazikuchezwa. Shauri lilisikilizwa Dubai mwaka 2018, mbele ya wasuluhishi watatu wakiongozwa na mwanasheria Mwingereza Michael Beloff. Jopo likasema barua ile ilionyesha nia, haikuwa mkataba wa kumfunga mtu. Pakistan ikashindwa na ikaamriwa kulipa sehemu kubwa ya gharama za India. Uamuzi ule ulikuwa na hoja, ukaandikwa, ukasomwa na kila aliyetaka. Hicho ndicho ambacho mabadiliko ya ratiba hayana. Kesi ya fedha ilipata mahakimu wa nje. Suala la nani acheze wapi likamalizwa na wakubwa wenyewe kwa mazungumzo ya chumbani.

Mizani hiyo imewahi kuonekana hata kwenye adhabu. Maurice Odumbe, nahodha wa Kenya siku ile ya Februari 1996 walipoiangusha West Indies kule Pune, alifungiwa miaka 5 mwezi Agosti 2004 kwa kushirikiana na mtu wa kamari na kupokea fedha. Alisikilizwa na jaji mstaafu wa Zimbabwe, Ahmed Ebrahim, na ulimwengu wote ukajua, na yeye mwenyewe akakana. Miaka kumi kabla, Shane Warne na Mark Waugh wa Australia walipokea fedha za mtu wa kamari ili wampe habari za hali ya hewa na ya uwanja. Chama chao kiliwatoza faini kimyakimya, ICC ikajua, na dunia ikaja kuambiwa Desemba 1998 baada ya magazeti kufukua. Makosa hayakuwa sawa kwa uzito, na kanuni zilikuwa zimekazwa katikati ya miaka hiyo. Lakini mmoja alianikwa uwanjani, na wengine wawili walifunikwa blanketi.

Wasikilizaji, hadi hapa lawama zimekwenda Dubai, yaliko makao ya ICC, na London. Zirudi nyumbani kidogo, maana Kenya haikuangushwa na wageni peke yao. Baada ya 2003 mataifa makubwa hayakuwaalika sana kucheza, hilo ni kweli na linauma: ukifika nusu fainali, halafu hupati mechi, utakuaje? Ila chama chao wenyewe kilikuwa kinaungua. Wachezaji wakagoma mwaka 2004 wakidai malipo, nahodha Steve Tikolo akapoteza unahodha, na mwaka 2005 chama kile kikavunjwa na kuundwa kipya. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kimataifa ya mechi za siku moja. Mtu aliyepokonywa haki nje, akirudi nyumbani akakuta nako imepokonywa, hana pa kusimama.

Uganda imepanda wakati Kenya inashuka. Novemba 2023, huko Windhoek, iliifunga Zimbabwe, mwanachama kamili, ikafuzu Kombe la Dunia la ova 20. Juni 2024, nchini Guyana, Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova 4 akaruhusu mikimbio 4 tu, na Uganda ikaifunga Papua New Guinea. Siku tatu baadaye West Indies iliwatoa wote kwa mikimbio 39. Kuna waliocheka. Timu inayokutana na vigogo mara moja katika miaka mingi itajifunza lini kucheza nao? Makombe ya 2019 na 2023 ya ova 50 yalikuwa ya timu 10 tu. La 2027, litakalochezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, litakuwa na timu 14. Mlango umefunguka nyuzi chache.

Na sisi? Kriketi ya Tanzania ingali zaidi ya Dar es Salaam, pale Gymkhana, Annadil Burhani na Chuo Kikuu. Mwaka 1975, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Watanzania walichanganywa na Wakenya, Waganda na Wazambia katika timu moja iliyoitwa Afrika Mashariki, ikapoteza mechi zake zote tatu. Miaka hamsini baadaye, vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa jina la nchi yao wenyewe Kombe la Dunia la 2026, kwa mara ya kwanza. Kijana wa namna hiyo akifika uwanjani, timu pinzani isipofika, atakaa na gongo lake mapajani akisubiri simu kutoka Dubai. Je, ataambiwa amepata pointi 4, kama Tikolo na wenzake? Au ataambiwa afunge begi, aifuate timu ile ilipo?

Muda umetupa mkono. Wenye maoni walete ujumbe mfupi wa maandishi, hasa walimu wa michezo ambao shuleni kwao kuna watoto waliowahi kushika gongo la kriketi. Yatajeni majina ya shule zenu. Wiki ijayo, saa kama hii, mazungumzo yatakuwa ya nyumbani kabisa: Wanalizombe, na nani anakaa kwenye meza inayowapangia ratiba. Usiku mwema, Mshangano. Usiku mwema, Songea.